Jinsi ya Kuingia Katika Uongozi wa Wanafunzi Chuoni: Mwongozo kwa Anayesoma Mombasa

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wapya huuliza maswali yale yale kuhusu chama cha wanafunzi. Ni nani anayeruhusiwa kugombea? Ni lazima mtu awe na fedha nyingi? Mbona nasikia mwenyekiti amechaguliwa na mimi sikupewa karatasi ya kura yenye jina lake? Je, anayesomea stashahada ana nafasi sawa na anayesomea shahada? Mwongozo huu umeandikwa ili kuyajibu maswali hayo kwa utaratibu, kwa ajili yako wewe unayesoma Mombasa, iwe ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, Kenya Coast National Polytechnic upande wa Kisauni, chuo cha mafunzo ya matibabu, chuo cha ualimu cha Shanzu, au tawi la chuo kikuu ambacho makao yake makuu yako bara.

Jambo moja lieleweke mapema, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinalitegemea: uongozi wa wanafunzi, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya kuandika barua, kuweka kumbukumbu na kufuatilia majibu. Hotuba za jukwaani zina siku zake, nazo ni chache. Mwanafunzi mpole anayejua faili la wenzake limekwama afisi gani huwafaa wenzake kuliko msemaji hodari ambaye hajawahi kupanda ngazi za jengo la utawala.

Nadharia kidogo, kisha tuendelee

Vyuo vikuu vya Kenya huongozwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2016. Kwa mujibu wa marekebisho hayo, chama cha wanafunzi huongozwa na baraza lenye mwenyekiti, naibu wake ambaye ni lazima awe wa jinsia tofauti na ya mwenyekiti, katibu mkuu, mweka hazina na wanachama wengine watatu wa kuwakilisha maslahi maalumu ya wanafunzi. Jinsia moja haipaswi kuzidi theluthi mbili ya baraza.

Chini ya marekebisho hayo, wanafunzi hawamchagui mwenyekiti moja kwa moja. Hujigawa katika majopo ya uchaguzi kwa kufuata idara au vitivo, na kila jopo huchagua wajumbe watatu ambao wao wenyewe si wagombea na ambao hawawi wote wa jinsia moja. Wajumbe hao ndio wanaochagua baraza, katika muda wa siku 30 baada ya wao kuchaguliwa. Kipindi cha uongozi ni mwaka mmoja, na aliyehudumu vipindi viwili hawezi kurudi tena.

Taasisi za kiufundi haziko chini ya sheria hiyo. Zina sheria yao ya mwaka 2013, na namna ya kuchagua viongozi hutegemea kanuni za taasisi yenyewe. Kwa hiyo usichukue desturi ya chuo cha rafiki yako ukaifanya sheria ya chuo chako.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Katiba ya chama cha wanafunzi, toleo linalotumika mwaka huu, pamoja na kanuni za uchaguzi ikiwa zimechapishwa kando.
- Kanuni za nidhamu za chuo, zile ulizotia saini siku ya kujiandikisha bila kuzisoma.
- Kitambulisho cha chuo ambacho muda wake haujaisha, uthibitisho kwamba umesajiliwa katika muhula huu, na taarifa ya karo inayoonyesha salio lako.
- Nakala ya matokeo yako ya mitihani, kwa kuwa vyuo vingi humzuia mwanafunzi mwenye masomo aliyoanguka, au mwenye kesi ya nidhamu, asigombee.
- Anwani ya barua pepe uliyopewa na chuo, ambayo unaifungua kila siku.
- Daftari lenye jalada gumu. Simu huibwa, na simu huishiwa na chaji. Mwanafunzi yeyote anayepanda matatu ya Kongowea jioni anajua hilo.
- Saa kadhaa za kila wiki ambazo si za masomo wala za kibarua. Ikiwa unafanya kazi mchana na kusoma jioni, chagua nafasi ndogo kwanza.

Fedha haimo katika orodha hii kwa makusudi. Utahitaji nauli na karatasi za kuchapisha, na wakati mwingine ada ya fomu ikiwa kanuni za chuo chako zinaitoza, lakini mwanafunzi aliyefanya kazi ya hatua ya tatu hapa chini haonei haya mfuko mtupu.

Hatua zenyewe

1. Ipate katiba ya chama na uisome hadi ukurasa wa mwisho.

Nenda katika afisi ya masuala ya wanafunzi, uombe nakala. Usitosheke na faili linalosambazwa katika kundi la WhatsApp, maana mara nyingi huwa ni la miaka iliyopita. Waraka wa chuo kikuu unaoeleza kwamba kila mwanafunzi anampigia kura mwenyekiti huenda uliandikwa kabla ya 2016. Unaposoma, weka alama mahali panapotaja sifa za mgombea (pamoja na kama anayesomea stashahada anaruhusiwa), tarehe za uchaguzi, namna ya kukata rufaa, akidi ya mikutano, yaani idadi ya chini ya wanaotakiwa kuhudhuria, na utaratibu wa matumizi ya fedha. Sehemu za malengo na maadili zinaweza kusubiri.

Ikiwa unasoma katika tawi, angalia pia uhusiano wa baraza la tawi na baraza la makao makuu. Matawi mengi huwa na viongozi wao, lakini mambo ya karo, ratiba ya mitihani na mahafali huamuliwa mbali na Mombasa. Mgombea wa tawi anayeahidi kupunguza karo anaahidi kitu kilicho nje ya uwezo wa afisi anayoiomba.

2. Anza na darasa lako.

Nafasi ya mwakilishi wa darasa haina wagombea wengi, na ndiyo shule bora ya kazi hii. Mwakilishi hupeleka ujumbe kati ya mhadhiri na wanafunzi, hufuatilia vyumba vya mihadhara, huweka orodha ya mahudhurio na hujulikana na makarani wa idara. Ikiwa nafasi hiyo tayari ina mtu, jitolee kumsaidia, au ingia katika chama cha fani yako, chama cha wanafunzi Waislamu, umoja wa Wakristo, klabu ya mazingira au timu ya michezo, ushike ukatibu.

Tahadhari: usimpindue mwakilishi aliyepo kwa minong'ono. Darasa lina watu wachache, na utaishi nao hadi siku ya mahafali.

3. Shika tatizo moja na ulifuatilie hadi lipate jibu.

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi. Kabla ya kuomba kura ya mtu yeyote, tafuta jambo moja linalowasumbua wenzako, ulibebe wewe. Liwe dogo na lenye mwisho unaoonekana: taa zilizokufa kwenye njia ya kutoka maktaba, mfereji usiotoa maji hosteli, barua za mafunzo ya kazini zinazochelewa hadi nafasi za bandarini na hotelini zinajaa, au alama za mtihani zisizoonekana katika matokeo.

Tuchukue hili la alama, kwa kuwa hakuna chuo kisicholijua. Mwanafunzi amefanya mtihani, ametia saini fomu ya mahudhurio, na matokeo yanapotoka nafasi ya alama zake iko wazi. Kila mmoja huenda kivyake kwa mhadhiri, huambiwa arudi wiki ijayo, na mwishowe hufika mwaka wa nne akigundua kwamba jina lake halimo katika orodha ya wanaohitimu. Fanya hivi:

Kwanza, tengeneza jedwali lenye nambari ya usajili, msimbo wa somo, muhula, mwaka na jina la mhadhiri, kwa kila aliyeathirika. Pili, kusanya ushahidi: kadi za mtihani na, inapowezekana, karatasi za majaribio ya kati ya muhula zilizosahihishwa. Tatu, muone mhadhiri mwenyewe kabla ya kumwandikia mkubwa wake, kwa sababu mara nyingine alama zipo na ni mtu aliyesahau kuzipakia. Nne, lisipotatuliwa, andika barua fupi kwa mkuu wa idara, yenye ombi lililo wazi. Maneno yanaweza kuwa hivi:

"Wanafunzi 11 wa mwaka wa pili, ambao majina yao yameambatanishwa, walifanya mtihani wa somo lililotajwa hapo juu na wakatia saini fomu ya mahudhurio, lakini alama zao hazimo katika matokeo ya muhula uliopita. Tunaambatanisha nakala za kadi zao za mtihani. Tunaomba kwa heshima tufahamishwe ni nani analishughulikia suala hili na ni tarehe gani tunaweza kutarajia limalizike."

Beba nakala mbili. Moja ibaki afisini, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Muhuri huo ndio utakaokusaidia utakapolazimika kupanda hadi kwa mkuu wa kitivo na hatimaye kwa msajili wa taaluma, kwa kuwa kila afisi itakuuliza kama ulianzia chini. Andika katika daftari tarehe, jina la uliyemwona na alichosema. Kila baada ya siku chache waeleze wenzako hali ilipofikia, hata kama hakuna jipya.

Tahadhari: orodha ya majina, nambari za usajili na nambari za simu ni taarifa za watu, nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Usiitupe katika kundi la watu 200 ili kuonyesha kwamba unafanya kazi.

4. Zijue afisi na watu waliomo.

Chora katika daftari lako mpangilio wa chuo: ni nani anayesimamia mabweni, nani usalama, nani zahanati, nani karo, nani usajili wa masomo, na kila mmoja anawajibika kwa nani. Wanafunzi wengi humwandikia naibu chansela kuhusu choo kilichoziba, kisha wakashangaa barua yao inashuka ngazi tatu na kupotea njiani. Barua ya choo iende kwa anayesimamia majengo, na nakala kwa afisi ya masuala ya wanafunzi.

Makarani na wahudumu wa afisi wanastahili adabu ile ile unayompa profesa. Ukiingia, salimu kwanza, ungoje kujibiwa, kisha useme haja yako: "Habari za asubuhi, mama. Nimekuja kuulizia barua yetu ya Jumanne, ya alama za mwaka wa pili." Anayeingia na kuweka simu juu ya meza akidai haki zake huhudumiwa pia, lakini wa mwisho.

5. Chagua nafasi kwa kuangalia kazi, si cheo.

Wengi hukimbilia uenyekiti. Ukiniuliza mimi, ukatibu mkuu ndio moyo wa baraza, kwa kuwa katibu ndiye anayeitisha mikutano, anayeandika kumbukumbu na anayejua nini kiliamuliwa. Uweka hazina unamfaa mtu asiyeona haya kumnyima rafiki fedha isiyo na stakabadhi. Nafasi za maslahi maalumu hudharauliwa bure; mwanafunzi mwenye ulemavu anayekosa njia ya kufikia ghorofa ya pili ana hoja nzito kuliko sherehe ya kuwakaribisha wanafunzi wapya.

Katika chuo kikuu kinachotumia majopo, kuna uamuzi mwingine wa kufanya mapema: unataka kuwa mgombea au mjumbe? Huwezi kuwa vyote viwili. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kuwa mjumbe ni mlango mzuri, kwani unaingia katika chumba cha maamuzi na kuwasikiliza wagombea wote kwa karibu.

6. Jaza fomu za uteuzi mapema na kwa ukamilifu.

Majina mengi yanayokatwa hukatwa kwa makosa ya karatasi. Kitambulisho kimeisha muda, mdhamini ametia saini fomu za wagombea wawili, salio la karo halijathibitishwa, au fomu imefika saa moja baada ya muda kufungwa. Ikiwa karo yako inategemea mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na fedha hazijaingia, nenda afisi ya fedha ukaombe maelezo ya maandishi kuhusu hali yako kabla ya juma la uteuzi. Usingoje ukataliwe ndipo uanze kujieleza. Piga picha kila ukurasa wa fomu uliyojaza, na uondoke na uthibitisho wa kuipokea.

7. Zitafute kura mahali zilipo.

Katika mfumo wa wajumbe, hesabu ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Chuo chenye vitivo 5, ikiwa majopo yamegawanywa kwa vitivo, kina wajumbe 15, na kura 8 ni zaidi ya nusu. Majopo yakigawanywa kwa idara, na idara zikawa 20, wajumbe ni 60. Hii ina maana kwamba shangwe za uwanjani hazikupi ushindi kama hakuna hata mmoja kati ya washangiliaji aliyejitokeza kuwa mjumbe. Kazi ya kampeni huanza kabla ya wajumbe kuchaguliwa, kwa kuwashawishi watu makini katika kila kitivo wasimame, wakiwemo wale ambao hawakuungi mkono bado. Mjumbe makini asiyekuwa wako unaweza kuzungumza naye. Mjumbe aliyenunuliwa atanunuliwa tena asubuhi ya siku ya kura.

Timu ya wagombea wanaosimama pamoja ni lazima izingatie sheria ya jinsia tangu siku ya kwanza. Kumtafuta msichana wa kujaza nafasi ya naibu usiku wa mwisho ni dharau kwake, na wajumbe huiona.

Ikiwa chuo chako hupiga kura moja kwa moja, kama ilivyo katika baadhi ya vyuo vya kati, hesabu inabadilika: angalia ni madarasa gani yatakuwa chuoni siku hiyo na yapi yako nje kwa mafunzo ya kazini.

8. Fanya kampeni inayoijua Mombasa.

Ilani iwe ya ukurasa mmoja, yenye mambo matatu au manne, na kila jambo liseme ni afisi gani inahusika na utaanza vipi. Ahadi ya mtandao wa intaneti wa bure katika kila chumba haina uzito hadi uonyeshe ni nani anayelipia sasa na mkataba wake unaisha lini.

Usipange mkutano Ijumaa kati ya saa sita na saa nane mchana, wakati wa swala. Katika mwezi wa Ramadhani, mikutano ya alasiri huwakuta watu wamechoka, na chakula cha kampeni mchana ni aibu. Afadhali vikao vifupi vya asubuhi. Wanafunzi wanaovuka kivuko cha Likoni, na wale wa Mtwapa au Mikindani, huondoka mapema ili wasikwame kwenye foleni, na wasichana wengi wanaoishi kwao hutakiwa wawe wamefika nyumbani kabla ya Magharibi. Mgombea anayefanya mikutano yake yote saa mbili usiku hosteli anazungumza na wakazi wa hosteli tu, na sehemu kubwa ya wanafunzi wa mji huu haikai humo.

Jiepushe kabisa na kampeni ya watu wa pwani dhidi ya watu wa bara, au ya kabila dhidi ya kabila. Mbali na kwamba uchochezi wa kikabila ni kosa chini ya Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008, utalazimika kuongoza chuo kizima siku inayofuata.

Tahadhari kuhusu wanasiasa: uchaguzi mkuu unapokaribia, mtu wa mtu atakupigia simu akiahidi fulana, magari na fedha za wajumbe. Kanuni za vyuo mara nyingi hukataza ufadhili wa nje, na hata pasipokatazwa, mfadhili atakuja kudai umati wa wanafunzi kwenye mkutano wake, na hapo utakuwa huna la kumjibu.

9. Siku ya kura, fika mapema na uwe na mawakala wanaojua kusoma fomu.

Wakala athibitishe kwamba sanduku ni tupu, orodha ya wapiga kura ni ile iliyotangazwa, na matokeo yanaandikwa na kutiwa saini mbele yake. Kama kuna dosari, iandikwe pale pale katika fomu. Lalamiko lililotolewa kwa mara ya kwanza siku tatu baadaye halina mashiko.

10. Ukichaguliwa, zitumie wiki nne za kwanza kwa makaratasi.

Omba makabidhiano rasmi kutoka kwa baraza lililotangulia: kumbukumbu za mikutano, barua ambazo hazijajibiwa, funguo, orodha ya mali, salio la fedha na madeni. Kila kitu kiorodheshwe na pande zote mbili zitie saini. Usipofanya hivyo, viti vilivyopotea mwaka jana vitakuwa vimepotea mikononi mwako.

Fedha za chama hutolewa na chuo, mara nyingi kwa njia ya masurufu, yaani fedha zinazotolewa mapema kwa matumizi, na ni lazima yarejeshewe hesabu. Weka stakabadhi siku ile ile ya matumizi. Dereva wa tuktuk au mama muuza maji asiye na stakabadhi ya kuchapisha anaweza kukuandikia ya mkono yenye jina, tarehe, kiasi na saini.

Jambo la michango nalo linahitaji uangalifu wa pekee. Mwanafunzi akifariki au akilazwa, watu huchanga haraka kupitia M-Pesa, na fedha huingia katika simu ya kiongozi mmoja. Hata ukiwa mwaminifu kiasi gani, usikubali kuwa peke yako: wawepo watu watatu, mmoja wao akiwa mwakilishi wa darasa la mhusika, orodha ya waliochanga isomwe kila jioni, na risiti ya mwisho ya kukabidhi fedha kwa familia ionekane na wote.

Katika mikutano, kumbukumbu ziandikwe kwa namna ya azimio, mhusika na tarehe. "Ilijadiliwa kuhusu maji" haimfungi mtu yeyote. "Katibu atamwandikia msimamizi wa majengo kuhusu pampu ya bweni la wasichana kufikia tarehe 14" inamfunga mtu, na mkutano unaofuata unaanzia hapo.

Mambo yakienda mrama

Jina lako limekatwa. Omba sababu kwa maandishi siku hiyo hiyo. Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya inakupa haki ya kupewa sababu za maandishi pale uamuzi wa kiutawala unapoathiri haki zako, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 inaeleza zaidi. Kisha fuata njia ya rufaa iliyo katika kanuni za uchaguzi, ndani ya muda uliowekwa. Muda huo huwa mfupi sana, wakati mwingine saa na si siku.

Barua zako hazijibiwi. Andika ukumbusho unaotaja tarehe ya barua ya kwanza na uambatanishe nakala yenye muhuri. Ukumbusho wa pili upelekwe kwa afisi iliyo juu yake. Ikiwa chuo ni cha umma na unachohitaji ni taarifa, unaweza kuiomba rasmi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Taasisi inatakiwa kuamua ombi lako ndani ya siku 21. Tumia njia hii kwa mambo yanayostahili, si kwa ratiba ya mechi.

Wanafunzi wanataka kuandamana. Kwanza hakikisha barua zimeandikwa na zipo. Ibara ya 37 inalinda haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha. Maandamano yakitoka nje ya lango, Sheria ya Utulivu wa Umma inataka polisi wa kituo kinachohusika wapewe taarifa si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Teua watu wa kuongoza safu, uweke saa ya kumaliza, na uwaeleze wenzako wazi kwamba dirisha la duka au la ukumbi likivunjwa, ni wanafunzi wachache ambao majina yao yanajulikana watakaoitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Kama ni wewe uliyeitwa, usiende ukiwa umejiandaa kwa maneno ya mdomo tu: omba mashtaka kwa maandishi, omba muda wa kujitayarisha, na uende na shahidi wako.

Wenzako wa baraza hawahudhurii mikutano. Angalia katiba inasema nini kuhusu akidi na kuhusu anayekosa mikutano mfululizo. Kabla ya kumchukulia mtu hatua, muulize faraghani. Huenda anafanya kibarua cha usiku Kongowea, na mkutano ukianza saa moja mapema atakuja.

Umeshindwa uchaguzi. Mpigie aliyeshinda umpe hongera, kisha uendelee na lile tatizo la hatua ya tatu, maana halikuhitaji cheo. Mabaraza huwa na kamati ndogo za chakula, michezo, makazi na masomo, ambazo mara nyingi hukosa watu wa kufanya kazi. Omba nafasi moja kwa barua.

Masomo yanaanza kuanguka. Muone mhadhiri mlezi wako kabla ya mitihani, usingoje matokeo. Kagua ratiba yako ya wiki na uondoe kwanza vikao visivyo na ajenda. Kama bado haitoshi, ni bora kujiuzulu kwa barua na kukabidhi mafaili kwa utaratibu katikati ya mwaka kuliko kubaki na cheo huku barua za wanafunzi zikilala kwenye mkoba wako. Aliyejiuzulu hivyo katika kipindi chake cha kwanza anaweza kurudi kugombea mwaka unaofuata, akiwa na kipindi chake cha pili bado mkononi.